Chupa imepasuka na uchungu haujaanza: ufanye nini, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale. "Nimeamka kitanda kimelowa lakini sina uchungu wowote, nisubiri?" "Nalowa kidogo kidogo tangu jana, ni mkojo au ni chupa?" "Nikienda hospitali mapema, si watanirudisha?" Wengi wanaouliza wana mimba ya kwanza, na wengi huuliza wakiwa wameshakaa saa nyingi wakingoja tumbo lianze kuuma. Ndiyo maana nimeamua kuyaweka majibu mahali pamoja. Soma sasa ukiwa umetulia, kisha mpe asome na yule atakayekuwa nawe siku hiyo, kwa sababu siku yenyewe huenda yeye ndiye atakayekuwa na akili ya kukumbuka.

Jambo kubwa ni hili: saa huanza kuhesabiwa pale maji yanapotoka, hata kama husikii uchungu hata kidogo. Mkunga atakapokuuliza "imeanza lini?", anauliza maji. Kupasuka kwa chupa peke yake ni sababu tosha ya kupiga simu au kwenda unakotarajia kujifungulia. Huhitaji kungoja maumivu ndipo uonekane una haki ya kwenda.

Maelezo mafupi kabla ya kuanza

Mtoto hukaa ndani ya mfuko wa utando uliojaa maji, na huo mfuko ndio tunaouita chupa. Kwa kawaida hupasuka uchungu ukiwa umeshashika kasi. Lakini kati ya wanawake 100 waliofikisha wiki 37 za mimba, karibu 8 hadi 10 chupa yao hutangulia kupasuka. Zaidi ya nusu yao, kama 6 kati ya 10, huanza uchungu wenyewe ndani ya saa 24.

Utando ulikuwa unawazuia bakteria wa ukeni wasipande kwenye mji wa mimba. Ukishapasuka, njia iko wazi, na kadiri saa zinavyokwenda ndivyo uwezekano wa maambukizi unavyoongezeka, kwako na kwa mtoto. Kwa mimba iliyotimia, mtoto kupata maambukizi makali hutokea kwa kama 1 kati ya 100, ukilinganisha na 1 kati ya 200 pale chupa ikiwa nzima. Hatari hiyo si ya kukutia kiwewe, lakini ni sababu ya kutolala nayo nyumbani kimya kimya.

Andaa hivi vitu mapema

Ukifika wiki ya 34, viweke pamoja, mahali ambapo hata mtu mwingine anaweza kuvichukua bila kukuuliza:

- Kadi ya kliniki na majibu yote ya vipimo na ultrasaundi.
- Pedi kubwa zisizo na manukato, nyeupe kabisa. Weupe ndio utakaokuonyesha rangi ya maji.
- Chupi kadhaa za pamba na kanga au taulo safi.
- Kipimajoto. Hiki wengi hukisahau, na ndicho kitakachokuambia mapema kama kuna maambukizi.
- Saa, kalamu na karatasi.
- Mfuko safi wa plastiki wa kuwekea pedi iliyolowa.
- Simu yenye chaji na namba ya kituo, ya mkunga na ya mwenye gari.
- Jibu la swali hili: usiku wa manane nitaondokaje? Kama hulijui leo, lifanyie kazi leo.

Ruka hatua zote, ondoka sasa hivi, kama:

- Mimba haijafikisha wiki 37.
- Maji ni ya kijani, ya kahawia, au yana harufu mbaya.
- Inatoka damu mbichi, zaidi ya ute wenye michirizi ya damu.
- Mtoto hachezi, au anacheza kidogo kuliko kawaida yake.
- Joto lako limefika 38, au unatetemeka kwa baridi, au tumbo linauma ukiligusa.
- Uliambiwa mtoto ametanguliza matako, amelala kingamo, au kichwa chake bado kiko juu. Au una mapacha.
- Uliwahi kujifungua kwa upasuaji.
- Una VVU, hasa kama virusi havijafubazwa vizuri. Au una malengelenge sehemu za siri. Au kipimo kilionyesha una bakteria wa streptokokasi kundi B.
- Una shinikizo la damu, kichwa kinauma sana au unaona ukungu.
- Unahisi au unaona kitu kimejitokeza ukeni.

Hili la mwisho linahitaji maelezo yake, kwa sababu hapa dakika ndizo zinazookoa maisha. Maji yakitoka kwa kishindo, mara chache sana kamba ya kitovu hutelemka mbele ya mtoto. Utahisi kitu laini, chenye utelezi, pengine kinadundadunda. Kichwa cha mtoto kikiibana ile kamba, hewa na damu havimfikii. Piga magoti papo hapo, kifua na shavu viwe chini sakafuni, matako juu kabisa, ili uzito wa mtoto utoke kwenye kamba. Mtu mwingine aite gari la wagonjwa na aseme waziwazi "kamba ya kitovu imetoka". Msiishike-shike na msijaribu kuirudisha ndani. Usile wala usinywe, maana huenda ukaingizwa chumba cha upasuaji moja kwa moja. Kwenye gari, lala ubavu wa kushoto na mito au nguo zilizokunjwa chini ya nyonga, ili nyonga ziwe juu kuliko kifua.

Kama hakuna hata kimoja katika hivyo, vuta pumzi, tuendelee.

Hatua ya 1: Andika saa

Kabla ya kubadilisha nguo, angalia saa. Andika muda maji yalipoanza, siku, na ulikuwa unafanya nini. Andika kwa ukamilifu: "saa nane usiku, kuamkia Jumanne". Ukiandika "saa 8" tupu, mhudumu mwingine akaisoma kwa saa ishirini na nne, itakuwa ni saa mbili asubuhi, na hapo saa sita za maambukizi zimeshapotea kwenye hesabu. Kama hujui maji yalianza lini hasa, andika mara ya mwisho ulipokuwa na uhakika kuwa u mkavu.

Hatua ya 2: Vaa pedi nyeupe, kisha iangalie kwenye mwanga

Usitumie karatasi ya chooni wala kitambaa cha rangi. Baada ya muda mfupi itoe, isogeze dirishani au chini ya taa, na uangalie mambo matatu.

Rangi: maji ya uzazi ya kawaida hayana rangi, au yana unjano hafifu sana. Yanaweza kuwa na michirizi ya pinki, na yanaweza kuwa na chembe nyeupe. Hizo ni mabaki ya ule mpako mweupe unaolinda ngozi ya mtoto. Yote hayo ni kawaida. Ukijani au ukahawia maana yake mtoto ameshajisaidia tumboni. Si watoto wote wa hivyo wanaopata shida, lakini kinyesi kile kikiingia kwenye mapafu huleta tatizo kubwa la kupumua, kwa hiyo mtoto huyo anatakiwa azaliwe mahali ambapo mapigo ya moyo wake yanafuatiliwa.

Harufu: maji ya uzazi hayanuki. Wengine husikia kama utamu fulani hafifu. Yakinuka vibaya, usiendelee na hatua, ondoka.

Kiasi: yamelowesha pedi nzima, au ni duara dogo? Yanaendelea au yamekatika? Andika.

Ile pedi usiitupe. Iweke kwenye mfuko wa plastiki uende nayo. Mkunga akiiona kwa macho yake anajifunza mengi kuliko maelezo ya robo saa.

Hatua ya 3: Pambanua maji, mkojo na uchafu wa kawaida

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na si ajabu. Mwishoni mwa mimba mtoto anakandamiza kibofu, mkojo unaponyoka ukikohoa au ukicheka, na uchafu wa ukeni huongezeka. Kulowa si lazima iwe chupa.

Anza na pua: mkojo una harufu yake na huwezi kuikosea. Kisha kaza misuli ya chini kama mtu anayekatiza mkojo katikati. Mkojo utazuilika, maji ya uzazi hayazuiliki, yanateremka tu. Uchafu wa kawaida ni mzito, mweupe au kama maziwa, na unabaki mahali padogo kwenye chupi. Ule ute mzito unaovutika kama kamasi, wenye damu kidogo, ni ule uliokuwa umeziba mlango wa kizazi. Ni dalili kuwa mwili unajiandaa, lakini hauna maana kuwa chupa imepasuka.

Ukibaki na shaka, na huna dalili yoyote ya hatari, fanya hivi:

1. Nenda ukakojoe mpaka kibofu kiishe kabisa.
2. Jifute kuanzia mbele kwenda nyuma, jikaushe vizuri.
3. Vaa chupi kavu na pedi mpya.
4. Lala ubavu kwa nusu saa. Usilale chali.
5. Simama, tembea hatua chache, ukohoe mara mbili tatu.

Ukiwa umelala, maji yanayovuja hukusanyika ukeni; ukisimama hutoka kwa mkupuo. Kama pedi imelowa tena wakati kibofu kilikuwa kitupu, chukulia kuwa chupa imepasuka. Kama imebaki kavu, yawezekana ilikuwa mkojo, lakini jaribio hili halitoshi kukufanya ulale unono. Mpasuko mdogo juu ya chupa unaweza kutoa matone machache kwa siku nzima. Bado piga simu, bado mwambie mkunga. Hakuna mhudumu mwenye busara atakayekulaumu kwa kwenda na mkojo.

Kosa la kawaida: kuingiza kidole ili kuangalia kama "njia imefunguka". Usijipime, na usimruhusu mtu mwingine nyumbani akupime. Kidole ndicho usafiri wa haraka wa bakteria kutoka nje hadi kwenye mlango wa kizazi.

Hatua ya 4: Hakikisha mtoto anacheza

Kaa au lala ubavu wa kushoto, weka mikono tumboni, umsikilize bila simu na bila mazungumzo. Unatafuta mchezo wake wa kawaida, ule unaoujua wewe. Usikubali kuambiwa kwamba mtoto hutulia uchungu ukikaribia. Mtoto mwenye afya huendelea kucheza mpaka anazaliwa. Kama amepunguza, usinywe kitu kitamu na kungoja tena. Ondoka.

Hatua ya 5: Pima joto

Andika kipimo chini ya ile saa. Hiki ndicho kitakuwa kiwango chako cha kulinganisha. Kuanzia 37.5 waambie kituoni. 38 ni safari ya haraka.

Hatua ya 6: Piga simu, uondoke

Sema kwa mpangilio huu, usomee kwenye karatasi yako kama sauti inatetemeka: wiki za mimba, saa maji yalipoanza, rangi, mtoto anacheza au la, joto, na lolote lililoandikwa kwenye kadi kama tahadhari. Mkikubaliana uende, nenda. Ukikosa mtu wa kupokea simu, nenda vilevile.

Mimi msimamo wangu ni kwamba kila mwanamke ambaye chupa yake imepasuka aonwe na mhudumu ndani ya saa chache, hata kama baadaye atarudi kusubiria nyumbani. Simu haiwezi kusikiliza moyo wa mtoto.

Njiani vaa pedi, kalia taulo, na keti ukiegemea upande. Hakuna haja ya kulala na miguu juu kama huna dalili ya kamba ya kitovu. Kunywa maji. Oga kama una dakika kumi na huna dalili ya hatari, lakini usianze kusuka nywele wala kupanga nyumba.

Hatua ya 7: Yatakayofanyika kituoni

Watapima joto, mapigo na shinikizo la damu, watapapasa tumbo kujua mtoto amekaaje, kisha watasikiliza moyo wake. Kati ya mapigo 110 na 160 kwa dakika ni kawaida. Kama maji hayaonekani waziwazi, watatumia spekulamu, kifaa safi cha kufungulia uke, ili waone kama yamekusanyika ndani. Wengine hutumia karatasi ya kupimia asidi: uke una asidi, maji ya uzazi karibu hayana. Karatasi hiyo inaweza kudanganywa na damu, shahawa au maambukizi ya ukeni, kwa hiyo waeleze kama umefanya tendo la ndoa siku moja mbili zilizopita. Ni swali la kitabibu, halina aibu.

Kupimwa kwa vidole kabla ya uchungu kuanza mara nyingi hakuna faida, na kila kipimo huongeza nafasi ya maambukizi. Una haki ya kuuliza kwa upole: "Dada, hiki kipimo ni cha lazima sasa, au tunaweza kungoja uchungu uanze?"

Hatua ya 8: Kuanzishiwa uchungu au kusubiri

Mimba iliyotimia wiki 37 ina njia mbili: kuanzishiwa uchungu mapema, kwa dripu ya oksitosini au kwa dawa ya kulainisha mlango wa kizazi, ama kusubiri uje wenyewe kwa muda maalumu, mara nyingi usiozidi saa 24. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kuanzishiwa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1996, uliohusisha wanawake 5,041, ulionyesha kuwa kuanzishiwa hakukuongeza upasuaji, na watoto wa pande zote mbili walipata maambukizi kwa viwango vinavyokaribiana. Ila kwa akina mama walioanzishiwa kwa oksitosini, waliougua maambukizi walikuwa wachache zaidi.

Ushauri wangu: kama unaishi mbali, huna usafiri wa uhakika, huna kipimajoto au huna mtu wa kukaa nawe, omba ubaki na uanzishiwe. Kusubiria nyumbani kunamfaa mwenye uwezo wa kurudi haraka.

Maji yakifikisha saa 18 hivi, vituo vingi huanza kufikiria antibiotiki ya mshipa wakati wa uchungu, kulingana na hali yako. Uliza, usisubiri kuambiwa.

Hatua ya 9: Ukiruhusiwa kusubiri nyumbani

- Pima joto kila baada ya saa 4 ukiwa macho, uandike.
- Badilisha pedi mara kwa mara, na kila mara uangalie rangi upya. Maji yaliyokuwa meupe asubuhi yanaweza kuwa ya kijani jioni.
- Mfuatilie mtoto anavyocheza.
- Kuoga ruksa. Tendo la ndoa hapana. Tamponi hapana. Kujisafisha ndani ya uke kwa maji, sabuni au chochote, hapana kabisa.
- Kula kidogo kidogo, kunywa maji, pumzika. Uchungu ukija utahitaji nguvu.
- Rudi kwa saa mliyokubaliana, hata kama unajisikia mzima.

Onyo zito: usitumie dawa yoyote ya kuharakisha uchungu nje ya kituo, iwe ya miti shamba, mafuta ya nyonyo, au vidonge ulivyonunua duka la dawa. Vidonge vya kuanzisha uchungu vikitumika bila kipimo na bila uangalizi vinaweza kukaza mji wa mimba mpaka ukapasuka, na mama na mtoto wakapotea pamoja. Dawa ile ile, mikononi mwa mkunga anayehesabu mikazo na kusikiliza moyo wa mtoto, ni msaada.

Kama ni kabla ya wiki 37

Hapa mpango hubadilika. Hutokea kwa kama mimba 3 katika kila 100, na karibu wote hulazwa. Kama hakuna maambukizi na mtoto yuko salama, madaktari hujaribu kumpa siku zaidi tumboni, wakati mwingine hadi kukaribia wiki ya 37. Utapewa antibiotiki, mara nyingi erithromaisini kwa siku 10, ambayo huchelewesha maambukizi na mara nyingi huchelewesha uchungu pia. Kama uko kati ya wiki 24 na 34, utachomwa sindano za steroidi za kukomaza mapafu ya mtoto. Hizo hufanya kazi vizuri zikipata saa 24 kabla ya kuzaliwa, kwa hiyo kila saa unayochelewa nyumbani unaitoa kwenye mapafu ya mtoto. Kabla ya wiki 32, kama kujifungua kunakaribia, kuna pia magnesiamu ya kulinda ubongo wake.

Uliza swali moja mapema: "Hapa kuna wodi ya watoto njiti?" Kama hakuna, uhamishwe mtoto akiwa bado tumboni. Safari hiyo ni salama kwake zaidi kuliko kubebwa akiwa ameshazaliwa.

Ukikwama: matatizo ya kawaida na majibu yake

*Maji yalitoka mara moja kwa wingi, kisha yakakatika.* Kichwa cha mtoto kimeshuka kikakaa kama kizibo. Ukilala au ukigeuka yatatoka tena. Chupa imepasuka hata kama sasa u mkavu, na saa inaendelea kuhesabiwa tangu ule mkupuo wa kwanza.

*Mtoto si atakauka?* Hapana. Sehemu kubwa ya maji yale ni mkojo wa mtoto mwenyewe, naye anaendelea kukojoa, kwa hiyo maji hutengenezwa mpaka anapozaliwa. Habari ya "kuzaa kavu" isikunyime usingizi. La kuogopa ni maambukizi.

*Nimepimwa, wamesema chupa haijapasuka, lakini bado nalowa.* Rudi. Mpasuko mdogo unaweza kukosekana kwenye kipimo cha kwanza, hasa kama ulitoka tu kutembea na maji hayajakusanyika ukeni. Lala kidogo kabla ya kupimwa tena, peleka pedi, na uulize kuhusu ultrasaundi ya kuangalia wingi wa maji.

*Nimefika, wameniambia njia haijafunguka nirudi nyumbani.* Hakikisha wamesikia neno "chupa". Mara nyingi mwanamke huyu huhesabiwa kama aliyekuja na uchungu wa mwanzo, na hapo ndipo makosa hutokea. Sema: "Chupa yangu imepasuka saa fulani. Nirudi saa ngapi hata kama uchungu hautaanza?" Omba jibu liandikwe kwenye kadi. Wakikataa kuandika, omba kuonana na msimamizi wa zamu. Huna sababu ya kuona haya.

*Uchungu ulianza vizuri, sasa umekatika.* Hutokea. Mwenye chupa nzima angeweza kulala akangoja. Wewe piga simu.

*Kipimajoto kinasoma 37.7 lakini najisikia mzima.* Vua nguo nzito, kunywa maji, pima tena baada ya nusu saa. Ikibaki juu ya 37.5, nenda. Moyo kwenda mbio, zaidi ya mara 100 kwa dakika ukiwa umetulia, ni dalili ya maambukizi hata kabla ya homa. Usimeze dawa ya kushusha homa kwanza, maana utaificha dalili ambayo mkunga anaitafuta.

*Ni usiku, usafiri hakuna.* Piga simu kituoni kwanza, waulize wao wana njia gani. Endelea kuandika joto na rangi kila saa. Mwambie jirani mwenye gari sasa hivi, hata kama utamwamsha. Atakasirika kidogo akiamshwa saa tisa usiku bila sababu, lakini kesho yake atakuwa amesahau.

*Mtoto amezaliwa salama, ila maji yalikaa zaidi ya saa 24.* Usikubali kutoka mapema mno. Saa 12 za kwanza ndizo anazotakiwa kuangaliwa kwa karibu zaidi. Ukiwa naye, mtazame akiwa amelala, kifua kikiwa wazi kwenye joto la kutosha, uhesabu pumzi kwa dakika nzima: 60 au zaidi ni nyingi mno. Mwite mhudumu pia akikataa kunyonya, akilegea au asijitikise mpaka uguswe, akivuta kifua kwa ndani anapopumua, akitoa mguno kila pumzi, akipata degedege, akiwa na joto la 37.5 au zaidi au akipoa chini ya 35.5, au ngozi na macho yakiwa ya njano ndani ya siku ya kwanza. Mkisharuhusiwa kurudi nyumbani, dalili hizo hizo zikitokea rudi naye siku hiyo hiyo, na ukifika uanze kwa kuwaambia kwamba chupa ilipasuka mapema na ilikaa saa ngapi.